Injini inapomisi: Chunguza nyaya za plagi kabla ya kununua vipuri

INJINI inapoanza kutetemeka na gari kukosa nguvu kilimani, madereva wengi hukimbilia kununua plagi au pampu mpya ya mafuta. Si mara chache fedha hizo hupotea bure, kwani hitilafu imo katika nyaya zinazopeleka umeme kwenye plagi.

Hali hiyo, ambayo mafundi huiita kumisi, hutokea pale silinda moja au zaidi inaposhindwa kuchoma mchanganyiko wa petroli na hewa. Koili huupandisha umeme wa betri wa volti 12 hadi maelfu mengi ya volti ili plagi itoe cheche. Ganda la waya likipasuka kwa joto, mafuta au uchakavu, umeme huo huruka kwenda kwenye chuma cha injini kabla ya kufika kwenye plagi.

Dalili kubwa ni injini kumisi baada ya mvua au kuoshwa, kisha kutulia inapokauka. Hali huzidi gari linapobeba mzigo au kupanda mlima, kwa kuwa hapo plagi huhitaji umeme mkali zaidi.

Njia rahisi ya uchunguzi ni kufungua boneti gizani, mahali penye hewa ya kutosha, injini ikiunguruma. Cheche za rangi ya samawati zikionekana kando ya waya, huo unavuja. Ni hatari kuushika, kwani umeme wake hupiga kwa nguvu.

Hatua inayofuata ni kuzima injini na kuiacha ipoe. Nyaya huchomolewa mmoja mmoja kwa kushika kofia ya mpira, ili mpangilio usivurugike. Injini nyingi za silinda nne huwasha kwa mfuatano wa 1-3-4-2. Ncha zikaguliwe kama zina kutu au alama za kuungua, kisha kila waya upimwe kwa mita ya omu. Usiopitisha umeme kabisa umekatika. Hata hivyo, waya unaweza kufaulu kipimo hicho na bado ukavuja kupitia ganda lake.

Magari mengi mapya hayana nyaya hizo; kila plagi ina koili yake. Kompyuta ya uchunguzi ikitoa namba P0301, silinda ya kwanza inamisi. Koili yake ihamishiwe silinda ya pili. Namba ikigeuka P0302, koili hiyo ni mbovu. Isipogeuka, zikaguliwe plagi, soketi na nyaya ndogo za silinda ya kwanza.

Kupuuza tatizo hili ni gharama. Petroli isiyoungua huingia katika bomba la moshi na kuunguza masega yake, ambayo bei yake huzidi mno ile ya nyaya. Taa ya injini ikianza kumeta, dereva apunguze mwendo na kuegesha gari mahali salama mapema.