Picha za Mkanda na Miaka Isiyoandikwa ya Mandir Yetu

Tulipoanza kutayarisha kijitabu hiki cha maadhimisho, tulipekua madaftari ya mikutano tukitafuta habari za miaka iliyofuata Mapinduzi ya Januari 1964. Daftari la zamani linakoma ghafla katikati ya ukurasa, na lililofuata linaanza baada ya miaka mingi. Kuhusu pengo hilo, ndugu zetu walio ng'ambo wameshika kauli moja, kwamba mandir ilifungwa na taa ikazimika mpaka hali ilipotengemaa. Kauli hiyo imerudiwa mara nyingi hata ikachapwa katika vijitabu vyetu vilivyotangulia. Sasa, baada ya kuzitandaza mezani na kuzijadili picha zilizopigwa kwa kamera za mkanda, tunasema kwamba haikuwa hivyo.

Unguja haikupata kuwa na uhaba wa wapiga picha. Tangu karne ya 19 Mgoa A. C. Gomes alikuwa na studio yake hapa, na mwaka 1930 Ranchhod Oza, mzaliwa wa India, alifungua Capital Art Studio, kazi iliyorithiwa na mwanawe, Rohit. Mbele ya mapazia ya studio za mjini walisimama maharusi wa kila dini na kila kabila. Familia nyingi zilituletea picha za namna hiyo, nyingine zimetiwa rangi kwa mkono, midomo na bangili. Ni nzuri mno, lakini zina upungufu mmoja kwa kazi yetu: pazia la studio halisemi lolote kuhusu mandir. Zilizotufaa ni zile zilizopigwa na watu wa nyumbani, nyingine zimepinda, nyingine hazina vichwa.

Vijana wetu hawana budi kuelezwa jinsi mambo yalivyokuwa. Kamera ya lenzi mbili, iliyoangaliwa kwa juu, ilitoa picha 12 tu kwa mkanda mmoja. Mkanda ulikuwa ghali, na kusafisha picha kulikuwa na gharama yake, kwa hiyo mkanda ulikaa ndani ya kamera miezi kadhaa ukingoja tukio linalostahili. Navratri, harusi, mgeni kutoka Dar es Salaam na mtoto aliyeota meno waliweza kukutana katika mkanda mmoja. Aghalabu nambari zilichapwa pembeni mwa negativu, na nambari hizo hazibadiliki. Picha ya karatasi yaweza kuhamishwa kutoka albamu moja hadi nyingine, ikapewa mwaka wowote apendao mwenyewe, lakini katika ukanda wa negativu nambari 7 haiwezi kutangulia nambari 3.

Kwa Jumapili kadhaa, baada ya arti, tulikaa ukumbini na picha zetu, chai ikipita, na majirani wa mtaa tukawakaribisha pamoja nasi. Mjadala ulikuwa mkali kuhusu picha moja. Inaonyesha mlango wa mandir, boriti zimelazwa barazani, na wanaume sita wanaingia ndani na boriti nyingine mabegani. Wazee wetu wawili walishikilia kwamba ni matengenezo ya paa kabla ya Mapinduzi. Wa tatu alikataa, ila hakuwa na ushahidi zaidi ya kumbukumbu yake, na kumbukumbu ya mtu mmoja haitoshi kuandika historia.

Ndipo bibi mmoja, jirani yetu wa nyumba ya tatu, alipoomba miwani. Aliitazama picha kwa muda, kisha akaweka kidole juu ya mtu wa mbele. "Huyu ni baba," alisema. "Na huyu nyuma yake ni mjomba. Paa lenu lilikuwa linavuja juu ya miungu yenu, na mafundi wenu walikuwa wamekwisha kuondoka." Aliwataja wanne kati ya wale sita. Hakuna jina hata moja kati ya hayo lililomo katika madaftari yetu.

Familia iliyohamia Leicester ilikuwa imehifadhi negativu, wakatutumia nakala ya mkanda mzima. Nambari 3 ni sherehe ya kunyolewa nywele za kwanza za mtoto ambaye leo ni mwanachama wetu mwenye mvi. Kuzaliwa kwake ni mwaka 1965, na cheti anacho. Nambari 7 ni boriti. Nambari 11 ni taa za Diwali zimepangwa juu ya kizingiti kilekile. Kwa hiyo paa lilijengwa baada ya Mapinduzi, waliolibeba ni majirani Waislamu, na taa zikawashwa.

Hatutaki kuipa picha uzito zaidi ya inaoustahili. Haisemi nani alilipa, na wapo waliotutaka tuandike majina ya wafadhili kwa kukisia tu. Tumekataa. Tena picha hizi zinawaficha wengi. Mkanda haukupotezwa kwa jikoni, kwa hiyo kina mama waliopika prasad ya mamia ya watu hawaonekani, wala mfagiaji wa ua. Mpiga picha mwenyewe tumempata mara moja tu, kivuli chake kimelala sakafuni, viwiko vimetanuka.

Ambao bado wana picha majumbani wazilete mapema. Za rangi za miaka ya 1970 na 1980 nyingi zimegeuka wekundu. Zile za weusi na weupe zimestahimili zaidi, ila unyevu wa pwani unaziotesha ukungu, na kuna negativu zilizoanza kunuka siki. Hizo zinaoza na zitenganishwe na nyingine. Msizibandue kwa nguvu kutoka albamu za gundi. Nyuma andikeni majina kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino.

Majina ya wabeba boriti wanne yamechapwa chini ya picha yao katika ukurasa unaofuata. Wawili wa mwisho bado. Mmoja amevaa kofia ya kiua na ana kovu juu ya nyusi ya kushoto. Mwenzake ni kijana mwembamba aliyegeuza uso kutazama mtu aliye nje ya picha. Atakayewatambua amwone katibu wa kamati, jioni yoyote, baada ya arti.