Nyimbo za Krismasi Milimani Kwetu

Ndugu zangu, nanyi wanafunzi mliopo: "Usiku Mtakatifu" tunaouimba hapa Bulwa ulitoka mbali. Padri Joseph Mohr alitunga maneno mwaka 1816. Franz Xaver Gruber akatunga sauti. Uliimbwa kwanza mkesha wa Krismasi, 1818, kijijini Oberndorf, Austria, kwa gitaa.

Wamisionari Wajerumani wa Bethel walifika Mlalo mwaka 1891, wakaja na nyimbo za kwao. Vita Kuu ya Kwanza ikawaondosha, lakini nyimbo zilibaki, kwani waumini Washambaa walikwisha kuzishika kwa lugha wanazozielewa. Kwa hiyo nasema, wimbo ni mali ya anayejua maana yake. Vijana, msishike sauti tu. Shikeni na maneno: Mfalme alizaliwa zizini, kwa watu maskini.