Nani anakata neno kama ni kosa?

Bandugu, benye diplome na bale bangali ku masomo, jambo hii inatugusa sisi bote hapa Annexe. Muntu akisema "batoto", hakukose mwenye kumucheka: "Sema watoto! Kiswahili yako ni mbaya." Lakini nani anakata neno kama ni kosa? Waarabu walibishana juu ya swali hilo zaidi ya miaka 1.200 iliyopita.

Uislamu ulipoenea, watu wa lugha nyingi walianza kusema Kiarabu katika miji kama Basra, kule Irak. Kosa la kusema likaitwa lahn. Wanasimulia kwamba binti ya Abu al-Aswad al-Du'ali, mwenye elimu wa Basra aliyekufa karibu mwaka 688, alitaka kusifu uzuri wa mbingu. Akakosea vokali, na baba akasikia swali: kitu gani ni kizuri zaidi mbinguni? Akamujibu: "Nyota zake." Wanasema hapo njo sarufi ilianzia.

Sibawayh, wa karne ya 8, alikuwa Mwajemi. Wanasimulia kwamba alisahihishwa mbele ya mwalimu wake, akaona haya, akashika masomo ya sarufi. Kitabu yake njo musingi wa sarufi ya Kiarabu mpaka leo. Mugeni njo alieleza wenyewe lugha yao!

Kisha vikaja vitabu vya kuorodhesha makosa ya raia. Al-Zubaydi, aliyekufa mwaka 989, aliandika ya watu wa Andalusia. Al-Hariri wa Basra, aliyekufa mwaka 1122, aligeuza kidole: aliandika makosa ya wasomi. Benye diplome, musikie!

Angalieni sasa. Walitaka maneno hayo yaachwe, lakini kwa kuyaandika waliyahifadhi. Leo wanahistoria wanayasoma ili wajue raia wa zamani walisema namna gani.

Na kwetu? Elisabethville ilianza mwaka 1910. Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini na Ruanda-Urundi. Kiswahili kikawa lugha ya kazi, na kila mumoja alikuja na lugha ya kwao. Ile "ba" ya "batoto" iko mu Kiluba na mu Kibemba. Si uvivu, ni njia yenye bankambo betu bilipitia.

Mwaka 1965, André Yav alitunga historia ya mji, Vocabulaire de ville de Elisabethville, kwa Kiswahili ile ile ya mji, kwa ajili ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu. Mwaka 1990 Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kama Yav angengoja kwanza ajue "Kiswahili bora", leo hatungesikia watumishi hao wenyewe wakieleza mji wao.

Tujifunze Kiswahili bora, itatusaidia ku kazi na ku safari. Lakini mbele ya kusahihisha nkambo wako, andika kwanza vile amesema.