Dawa za kupaka fizi: kutoka kwa Az-Zahrawi hadi kwetu



Mama mmoja wa Muyinga alitujia baada ya darsa. Fizi zake zilikuwa zimevimba zaidi ya mwaka, zikitoa damu kila akipiga mswaki, na kila usiku alikuwa akipaka mafuta ya karafuu. Maumivu yalitulia, kisha yakarudi. Akatuuliza: je, katika tiba za wazee wetu wa Kiislamu hakuna dawa ya kupaka yenye nguvu zaidi? Tulimwahidi kutafuta, na tulichokikuta kilitushangaza hata sisi.

Turudi Andalusi, Qurtuba, yapata mwaka 1000. Tabibu Abul-Qasim Az-Zahrawi, aliyefariki yapata 1013, aliandika kitabu kiitwacho At-Tasrif chenye sehemu 30. Ya mwisho ni ya upasuaji, na ina michoro ya vyombo vyake. Humo anaeleza ukoga unaoganda kwenye meno, ndani, nje na penye fizi, mpaka ukawa mweusi, wa manjano au wa kijani, na jinsi uharibifu unavyotoka hapo ukaingia kwenye ufizi. Tiba yake haianzi na kupaka. Mgonjwa anakalishwa, kichwa kinalazwa mapajani mwa tabibu, na ukoga unakwanguliwa kwa vyuma vya maumbo mbalimbali. Ukibaki, anarudi siku ya pili, hata ya tatu. Karne ya 12 kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini, na Ulaya ikajifunzia upasuaji humo kwa mamia ya miaka.

Vyuma hivyo havikutufikia sisi. Wafanyabiashara wa pwani walioleta Uislamu Burundi katika karne ya 19, wakipitia Ujiji na Ziwa Tanganyika, walikuja na Sunna ya siwaki. (Neno mswaki, tunaloliita hata brashi ya plastiki, limetoka huko.) Mti wenyewe hupenda nchi kavu, si vilima vya Gitega.

Karafuu, iliyoenea Zanzibar enzi za Sayyid Said, tusiidharau. Mafuta yake yana yujenoli inayotia ganzi, na madaktari wa meno huichanganya na unga wa oksaidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Lakini mafuta hayo yakipakwa matupu huweza kuunguza ufizi, na ukoga ulioganda hayauondoi.

Mwaka 1965 huko Aarhus, Denmark, Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Ndani ya wiki tatu fizi za wote zilikuwa zimevimba. Walipoanza tena kusafisha, zikapona. Mwaka 1970 Löe na Schiøtt wakaonyesha kwamba kusukutua kwa klorheksidini mara mbili kwa siku huzuia ukoga usijijenge. Kuzuia tu, maana ulioganda tayari hautoki kwa kusukutua, na dawa hiyo ikitumiwa muda mrefu huacha madoa ya kahawia kwenye meno.

Hata hivyo si kila uvimbe wa kinywa watokana na ukoga. Upo ugonjwa sugu unaoweka mistari myeupe kama wavu ndani ya mashavu, nao hupakwa dawa za steroidi, ambazo hutuliza uvimbe bila kuung'oa ugonjwa. Dawa hizo hizo huweza kuleta fangasi ya kinywa, au kuizidisha kwa aliye nayo. Kwa hiyo daktari atazame kwanza, ndipo mtu apake.

Mama yetu alisafiri mpaka Gitega kwa daktari wa meno, akakwanguliwa mara mbili, wiki chache kabla ya Ramadhani. Akapewa na dawa ya kusukutua ya siku chache. Damu imekatika. Jino moja la mbele lilikuwa limeshalegea, na hilo halikuokoka.

Wallahu aalam.