Joka, Simba na Pete: Hadithi za Kikristo za Kushinda Uovu

Desturi ya Wakristo ya kufundishana namna ya kushinda uovu kwa hadithi za ajabu ina umri wa zaidi ya miaka 1,600. Mwanzoni mwa karne ya 5, Prudentius, mshairi Mkristo wa Hispania, alitunga utenzi wa Kilatini uitwao Psychomachia, ambamo fadhila na dhambi ni askari wanaopigana. Hasira anamrushia Subira mikuki, nayo inagonga dirii na kuanguka. Anachomoa upanga, unavunjikia kwenye chapeo ya Subira. Mwishowe Hasira anajiua kwa mkuki wake mwenyewe, na Subira hajainua mkono. Fundisho hilo, kwamba uovu hujimaliza wenyewe mbele ya anayekataa kuiga silaha zake, lingerudi tena baadaye.

Zama za Kati zilipenda zaidi upanga. Katika karne ya 13, Jacobus de Voragine, aliyekuwa baadaye askofu mkuu wa Genoa, alikusanya visa vya watakatifu, na kupitia mkusanyo wake kisa cha Mtakatifu George na joka kilienea Ulaya nzima. Mwaka 1590 mshairi Mwingereza Edmund Spenser alimfufua shujaa huyo katika The Faerie Queene. Shujaa wake amevaa silaha zile zinazotajwa katika Waraka kwa Waefeso, sura ya 6, lakini silaha hazimwokoi na majivuno: anadanganywa, anafungwa, anakaribia kukata tamaa ya maisha. Inabidi kwanza atibiwe rohoni ndipo akabili joka, na pambano lenyewe linachukua siku tatu.

Aliyezifikisha hadithi hizi kwa watu wa kawaida ni John Bunyan, fundi wa kuziba sufuria na vyungu vya chuma. Alifungwa gerezani Bedford kuanzia 1660 hadi 1672 kwa kuhubiri bila kibali cha Kanisa la Uingereza, na mwaka 1678 akachapisha The Pilgrim's Progress. Katika Bonde la Unyenyekevu, msafiri wake anakutana na Apolioni, adui mwenye magamba kama ya samaki, mabawa ya joka na kinywa cha simba. Msafiri anawaza kukimbia, kisha anakumbuka kwamba silaha alizopewa hazina kinga ya mgongo. Anayegeuka amekwisha, hivyo anasimama. Wanapigana zaidi ya nusu siku. Upanga unamponyoka, naye anauokota akiwa chini ya adui. Ni vigumu kupata maelezo ya majaribu yaliyo wazi kuliko hayo. Wamisionari wa Kiprotestanti wa karne ya 19 walikibeba kitabu hicho pamoja na Biblia. Kimefasiriwa katika lugha za Kiafrika zipatazo 80, na Kiswahili kilipata tafsiri yake mwishoni mwa karne hiyo. Kwa wasomaji waliolelewa na ngano za mazimwi, adui kama Apolioni hakuwa mgeni kabisa.

Mkondo mpya ulianzia kwa George MacDonald, Mskoti aliyeacha uchungaji mwaka 1853 baada ya kutofautiana na waumini wake. Riwaya yake Phantastes, ya mwaka 1858, haihubiri waziwazi. Mwaka 1916 ilisomwa na kijana asiyeamini Mungu, C. S. Lewis, ambaye baadaye alishuhudia kwamba ilimwandalia njia ya kuamini. Septemba 1931, akiwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Oxford, alitembea usiku na rafiki zake J. R. R. Tolkien na Hugo Dyson. Walimweleza kwamba habari za Kristo zina mvuto uleule wa visasili alivyovipenda, ila hizi zilitokea kweli. Siku chache baadaye Lewis alimkiri Kristo.

Lewis na Tolkien, wote waandishi, hawakuujua uovu kwa kusimuliwa. Tolkien alipigana kwenye mto Somme mwaka 1916, na Lewis alijeruhiwa Ufaransa mwaka 1918. Hata hivyo, mashujaa wao hawashindi kwa mabavu pekee. Katika kitabu cha kwanza cha Lewis kuhusu nchi ya Narnia, cha mwaka 1950, mtoto Edmund anawasaliti ndugu zake kwa ajili ya vitamu alivyopewa na mchawi, tena vitamu ambavyo kila akila anazidi kuvitaka. Hivyo ndivyo dhambi ndogo inavyomnasa mtu. Simba Aslan anakubali kuuawa badala yake, kisha anafufuka. Lewis hakuanza na somo. Alianza na picha iliyomkaa akilini tangu ujana, ya kiumbe nusu mtu nusu mbuzi akitembea thelujini na mwavuli.

Tolkien, Mkatoliki wa dhati, hakupenda mafumbo ambayo kila kitu kina maana yake moja tu. Kwake fundisho limo ndani ya matukio. Riwaya yake The Hobbit ilipotoka mwaka 1937, shujaa wake Bilbo na kiumbe Gollum waliachana kwa amani baada ya mchezo wa vitendawili. Katika toleo la 1951 Tolkien aliiandika upya sehemu hiyo: sasa Bilbo haonekani kwa sababu ya pete aliyovaa, ana upanga mkononi, naye Gollum amemzibia njia. Angeweza kumchoma, lakini anamhurumia na kumruka. Badiliko hilo ndilo linalobeba The Lord of the Rings, iliyochapishwa 1954 na 1955. Frodo, shujaa wa kitabu hiki, anafika kwenye mlima wa moto na kushindwa: badala ya kuitupa pete ile, ambayo ni ya uovu, anaitwaa iwe yake. Gollum, aliye hai kwa sababu ya huruma ile, anamng'ata kidole, anaipata pete na kutumbukia nayo motoni.

Tolkien, aliyekuwa makini na kalenda, aliweka tukio hilo tarehe 25 Machi, siku ambayo Kanisa Katoliki huadhimisha malaika Gabrieli alivyompasha Maria habari ya kuzaliwa kwa Yesu.