Daraja la London katika Bamba la Shaba

Mwaka 1616 Claes Visscher, mchongaji wa Amsterdam, alitoa picha ya mji wa London yenye urefu unaozidi mita 2, iliyochapwa kwa mabamba manne ya shaba. Upande wa kulia, Daraja la London linauvuka mto Thames likiwa limebeba nyumba za ghorofa kadhaa. Juu ya lango la kusini zimesimama fito, na kwenye ncha zake vichwa vya watu waliouawa kwa kosa la uhaini. Desturi hiyo ilianza mwaka 1305 kwa kichwa cha Mskoti William Wallace, na Visscher hakuificha.

Kazi yenyewe ilitaka mkono mtulivu. Mchongaji alichimba mistari kwenye shaba kwa kipatasi chembamba cha chuma, picha ikiwa imegeuzwa kushoto kulia ili itoke sawa karatasini. Bamba lilipakwa wino, likafutwa mpaka wino ukabaki ndani ya mistari tu, kisha likapitishwa kwenye mashine pamoja na karatasi yenye unyevu. Giza lile chini ya matao ni mistari iliyosongamana.

Na giza hilo linastahili kutazamwa kwa makini. Kasisi Peter wa Colechurch alianza kulijenga daraja hili kwa mawe mwaka 1176, akafariki kabla halijakamilika mwaka 1209. Lilikuwa na matao 19, na kanisa dogo la Mtakatifu Thomas Becket karibu na katikati. Nguzo zake zilizungushiwa maboma ya magogo yaliyoshindiliwa mawe ili zisichimbwe na maji. Maboma hayo yakauziba mto. Thames hujaa na kupwa; maji yalipokuwa yakipwa, yalirundikana upande wa juu na kuporomoka kati ya nguzo kwa kishindo, kimo cha maji kikipishana karibu mita 2 kati ya upande mmoja na mwingine. Abiria wengi walishuka kabla ya daraja, wakatembea, wakapanda mashua tena ng'ambo ya pili. Waliobaki ndani walihatarisha maisha yao, na wengi walizama. Kwa mkondo uliopunguzwa kasi hivyo, upande wa juu uliweza kuganda katika majira ya baridi kali, watu wakafanya gulio juu ya barafu.

Je, Visscher aliyaona haya? Wanahistoria wengi wanaona kwamba hakuwahi kufika London, bali alitegemea picha za wengine. Ukumbi wa maigizo wa Globe ameuchora kama jengo refu la pande nane, ilhali misingi iliyofukuliwa mwaka 1989 imewaelekeza wataalamu kwenye pande zipatazo 20. Lakini tusiharakishe kumtupa. Wenceslaus Hollar, mzaliwa wa Prague aliyeishi London, alichora akiwa juu ya mnara wa kanisa ng'ambo ya kusini. Picha yake ya mwaka 1647 ni sahihi zaidi, na mimi huiamini kuliko ya Visscher katika vipimo. Hata hivyo majina ya Globe na uwanja wa kupiganisha dubu yamebadilishana mahali katika picha hiyo. Shahidi aliyekuwepo naye huulizwa maswali.

Nyumba ziliondolewa darajani kati ya mwaka 1758 na 1762. Daraja jipya lilifunguliwa mwaka 1831 hatua chache upande wa magharibi, na lile la kale likabomolewa. Mawe yake machache yamo katika uwanja wa kanisa la St Magnus the Martyr, ambalo chini ya mnara wake ilipita njia ya waenda kwa miguu kuingia darajani. Ukiyagusa, utajua ugumu wa jiwe. Ila madirisha, mapaa na zile fito za lango la kusini, itabidi uzitafute katika mistari ya Visscher.