Mzigo wa Mgeni: Kazi za Mikono na Biashara ya Ukumbusho Kandokando ya Takawiri

Kisiwa cha Takawiri kimo upande wa mashariki wa Ziwa Victoria, katika Kaunti ya Homa Bay nchini Kenya, jirani na visiwa vikubwa zaidi vya Rusinga na Mfangano, na msafiri hukifikia kwa mashua kutoka Mbita, mji mdogo wa bandari unaotazamana na Rusinga. Kwa kuwa ufuo wake una mchanga mweupe na miti ya jamii ya mnazi, jambo lisilo la kawaida katika ziwa ambalo kingo zake nyingi ni matope na mafunjo, wenye kukitangaza kwa watalii hupenda kukilinganisha na visiwa vya Karibia. Ulinganisho huo umeleta pamoja nao matarajio ambayo hayakuwapo zamani, kwamba mgeni atakayelala kisiwani ataondoka na kitu mkononi: kinyago, kikapu, ushanga, au chochote kitakachowaonyesha waliobaki nyumbani kwamba alifika. Vitu vya ukumbusho, yaani vile vinavyotengenezwa ili auziwe mpita njia asiyekusudia kuvitumia, vina historia yao katika eneo hili, na anayeifuatilia hugundua kwamba kilichoamua kazi ipi igeuke bidhaa ya watalii ni mzigo ambao mgeni aliweza kuubeba na sheria alizokutana nazo njiani, zaidi ya ukale au ubora wa kazi yenyewe.

Wenyeji wa visiwa hivi ni Abasuba, jamii ya Kibantu ambayo mapokeo yake yanasimulia kwamba wahenga wengi walitoka Buganda na Busoga katika karne ya 18, baadhi yao wakikimbia machafuko yaliyofuata kuuawa kwa Kabaka Junju, mfalme wa Buganda, wakavuka ziwa kwa mitumbwi na kuanzisha makazi visiwani na katika pwani ya bara. Katika vizazi vilivyofuata walioana na majirani zao Wajaluo, na katika karne ya 20, shule na makanisa yalipoendesha shughuli zao kwa Kidholuo, lugha ya Kisuba ilirudi nyuma hata familia nyingi zikaiacha katika mazungumzo ya kila siku. Mchanganyiko huo unaonekana pia katika vyombo vya nyumbani, kwa sababu mapokeo ya ufundi ya pande hizo mbili yameingiliana kiasi kwamba ni vigumu kuchora mstari kati ya kilicho cha Msuba na kilicho cha Mjaluo.

Ufundi uliowapa watu wa visiwani nafasi yao katika biashara ya ziwa ulikuwa uundaji wa mashua. Mashua ya zamani ya aina iliyoenea kutoka Buganda na visiwa vya Ssese ilikuwa na mkuku wa gogo moja lililochongwa, na juu ya mkuku huo mbao zilishonwa kwa nyuzi za mimea zikipitishwa katika matundu yaliyotobolewa kando ya kila ubao, kisha nyufa zikazibwa ili maji yasipenye. Misumari ilipoanza kupatikana madukani kushona kukaachwa, lakini umbo halikubadilika sana, na hata mashua za leo zinazobeba taa za kuvulia omena, yaani dagaa wa ziwani, au zinazosukumwa na injini, bado zina ubavu mrefu na omo iliyochongoka. Wenye mashua huzipaka rangi kali na kuziandika majina, wakati mwingine na mafumbo yanayomlenga jirani, na mtu anayetafuta sanaa ya ziwa iliyo hai hana haja ya kwenda mbali na mahali zinapoegeshwa. Sanaa hiyo, bila shaka, haifungiki kwenye karatasi na kutiwa katika sanduku.

Ndivyo ilivyo pia kwa ufinyanzi, ambao unastahili kuelezwa kwa kirefu kwa kuwa ndio ufundi wa wanawake uliochunguzwa vizuri zaidi katika eneo zima. Vyungu vya Wajaluo vilikuwa na majina kulingana na kazi zake: agulu ni jina la jumla la chungu, dapi ni mtungi wa maji unaoyapoza kwa sababu unyevu hupenya taratibu kwenye kuta zake na kukauka kwa upepo, na tawo ni bakuli la udongo la kupakulia chakula. Palikuwa pia na vyungu vikubwa vya pombe, ambavyo wazee walivizunguka wakinywa pamoja kwa mirija mirefu iitwayo oseke, hivi kwamba chungu kimoja kilikuwa baraza nzima ya watu waliosikilizana. Mfinyanzi hakutumia gurudumu. Alikijenga chungu kwa mkono, akakisawazisha, akakipamba kwa kubiringisha kipande cha ukili au kamba iliyosukwa juu ya udongo mbichi ili alama zake zibaki, kisha akakichoma mahali pa wazi kwa kuni na nyasi.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni namna ufundi huo ulivyorithishwa. Mtafiti Ingrid Herbich, katika makala aliyoichapisha mwaka 1987, alionyesha kwamba wanawake wengi wa Kijaluo hawakujifunza kufinyanga kwa mama zao, bali kwa mama wakwe na wake wenza baada ya kuolewa, kwa sababu binti huolewa nje ya ukoo wake na kwenda kuishi kwa mumewe, na wafinyanzi hukusanyika katika maboma yaliyo karibu na machimbo ya udongo unaofaa. Mke kijana aliyefika katika boma kama hilo aliingizwa katika kazi hiyo na kuishika mitindo ya hapo, hata ikiwa nyumbani kwao vyungu vilipambwa kwa namna nyingine. Kwa hiyo alama zilizo shingoni mwa chungu hazikuwa pambo tupu wala kitambulisho cha kabila, kama wakusanyaji wa zamani walivyopenda kudhani. Zilionyesha boma alikoolewa mfinyanzi na wanawake aliokaa nao akifanya kazi. Mtalii anayenunua chungu kidogo na kuambiwa tu kwamba ni cha Kijaluo ameuziwa nusu ya habari, na pengine ile nusu iliyo nyepesi.

Wageni wa kwanza waliokusanya vitu vya watu wa ziwa hawakuwa watalii. Reli kutoka Mombasa ilifika ukingoni mwa ziwa, mahali panapoitwa Kisumu, mwezi Desemba 1901, na mwaka uliofuata mkoa uliokuwa sehemu ya Uganda ukahamishiwa himaya ya Afrika Mashariki ya Waingereza, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Maofisa wa utawala, miongoni mwao C. W. Hobley, walipiga picha na kuandika maelezo, na mwaka 1936 mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard alitembelea nchi ya Wajaluo akapiga picha nyingi ambazo leo zimehifadhiwa katika makumbusho ya Pitt Rivers mjini Oxford, Uingereza. Baadhi ya picha hizo zilirudishwa kwa njia ya maonyesho magharibi mwa Kenya mwaka 2007, zikawafikia wajukuu wa waliopigwa. Kitu kilichokusanywa kwa njia hii kilikuwa kimetengenezwa kitumiwe, na thamani yake machoni pa mkusanyaji ilitokana na hilo hasa. Biashara ya ukumbusho iligeuza utaratibu huo, ikaanza kutengeneza kwa ajili ya mkusanyaji mwenyewe.

Mageuzi hayo hayakuanzia ziwani. Kwa mujibu wa masimulizi yanayokubalika, uchongaji wa vinyago vya biashara nchini Kenya ulienezwa na Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu aliyejifunza kwa wachongaji wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nyumbani na kufundisha wengine, na soko likapanuka askari wa kigeni walipopita nchini katika vita vya pili. Kufikia miaka ya 1960 wachongaji wa Kikamba walikuwa na chama chao cha ushirika mjini Mombasa. Karibu zaidi na Takawiri, katika vilima vya Tabaka upande wa Kisii, palikuwa na jiwe laini ambalo wenyeji walilichonga vyombo tangu zamani, nalo likageuka kuwa viboko, ndovu, bakuli na seti za mchezo wa sataranji. Wanaume huchonga, wanawake hulowesha na kusugua kwa msasa hadi jiwe ling'ae. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais, pamoja na Mmarekani Alan Donovan, walifungua Nairobi duka na ukumbi wa sanaa wa African Heritage, ulioinua hadhi ya kazi za mikono kutoka kila pembe ya bara na kuwafundisha wanunuzi matajiri kwamba kikapu au mkufu unaweza kuwa sanaa.

Kipindi hicho hicho kilishuhudia uamuzi wa serikali ambao wanahistoria wa sanaa wamekuwa wepesi mno kuupita. Mwezi Mei 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na mwezi Machi 1978 ikapiga marufuku biashara ya bidhaa za wanyamapori, yaani pembe za ndovu, ngozi za chui na pundamilia, bangili za manyoya ya mkia wa ndovu na takataka nyingine zilizojaa madukani Nairobi na Mombasa. Athari ya hatua hiyo kwa wanyama imezungumzwa sana; athari yake kwa ufundi ni kwamba pengo lililoachwa na pembe na ngozi lilibaki wazi kwa mti, jiwe, ushanga na katani. Ziwani, marufuku hiyo iligusa pia mapambo ya heshima ya Wajaluo, kwa sababu kondo, kilemba cha sherehe, kilipambwa kwa manyoya ya mbuni na meno ya kiboko, na kitu kama hicho hakingeweza tena kuuzwa kihalali kwa mgeni hata kama angekuwapo wa kukitengeneza.

Watalii walipoanza kufika visiwani kwa idadi ya kuonekana, basi, duka la ukumbusho lilikuwa limekwisha kuundwa kwingineko. Kilichowavuta ni samaki: mbuta, yaani sangara, aliyeingizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950 na akatapakaa kwa kishindo katika miaka ya 1980, alivutia wavuvi wa burudani waliosafirishwa kwa ndege ndogo kutoka Maasai Mara hadi Rusinga na Mfangano kwa siku moja au mbili. Mgeni wa aina hiyo alikuwa amekwisha kununua shanga na shuka kwa Wamaasai, na katika vibanda vya Kisumu alikuta mawe ya Tabaka, vinyago vya Kikamba na vyondo vya kutoka katikati ya nchi. Bidhaa hizi zilikuwa zimepimwa na soko kwa miongo kadhaa: ni ndogo, hazivunjiki upesi, na hazihitaji maelezo. Dapi halina hata sifa moja kati ya hizo tatu.

Hapa ndipo ulinganisho na Karibia unapopata maana ambayo watangazaji wa hoteli hawakuikusudia. Mjini Nassau, katika visiwa vya Bahamas, wanawake walishona kofia na vikapu vya ukili, na kazi hiyo ikawa tegemeo kubwa zaidi baada ya mwaka 1938, ugonjwa ulipoua sponji za baharini zilizokuwa uchumi wa visiwa. Soko lao la ukili liliteketea kwa moto Septemba 2001 na jengo jipya likafunguliwa mwaka 2011, huku sehemu kubwa ya bidhaa zake siku hizi ikilalamikiwa kuwa imetoka viwandani ng'ambo. Katika Ziwa Victoria nako misukosuko ya maji imezaa kazi mpya. Gugu maji, mmea wa kigeni uliofunika ghuba ya Winam katika miaka ya 1990 na kuzifungia mashua bandarini, lilianza kukaushwa na kusukwa viti, vikapu na kadi. Mafunjo ya Dunga, karibu na Kisumu, yaliyotumika zamani kwa mikeka na kuezekea, yakasukwa samani za kuuzia wageni. Viwanda vya minofu vilipopeleka nyama ya mbuta Ulaya, wenyeji walibaki na mifupa iliyouzwa kwa jina la mgongo wazi, na ngozi zilizokuwa zikitupwa zikaanza kugeuzwa na mafundi wa Kisumu kuwa viatu, pochi na mikoba. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Agosti 2017 nayo iliirudishia kapu nafasi yake sokoni, safari hii kwa mnunuzi wa nyumbani.

Ikiwa kuna kitu kimoja chenye haki ya kuitwa ukumbusho wa ziwa hili katika zama zake za sasa, basi pochi ya ngozi ya mbuta ina hoja yenye nguvu kuliko kiboko wa jiwe, kwa sababu ndani yake mna historia yote ya samaki mgeni, viwanda, na watu waliojifunza kuishi na masalio. Hata hivyo wauzaji wana sababu zao za kushikilia kiboko. Mtalii wa Nairobi au Nakuru, ambaye leo ni mteja wa kawaida wa fuo hizi kuliko Mzungu wa ndege ndogo, mara nyingi huondoka na samaki aliyekaushwa, ngege au omena, na desturi hiyo ya kuwapelekea wa nyumbani chakula cha ulikotoka ni kongwe kuliko duka lolote la vinyago.

Vyombo vya kale vyenyewe havimo katika soko hili, wala haviruhusiwi kuingia. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inavihesabu kuwa vya kale vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa nchini, au kuletwa, kabla ya mwaka 1895, na inakataza kuvipeleka nje bila kibali. Anayetaka kuvitazama vyombo vya watu wa ziwa anaweza kwenda katika makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980 na yenye boma la Kijaluo uani, au kuvuka kutoka Takawiri hadi Mfangano, ambako jamii yenyewe ilianzisha makumbusho ya amani ya Abasuba mwaka 2000, si mbali na miamba ya Kwitone na Mawanga yenye michoro ya duara nyekundu na nyeupe inayodhaniwa kuwa ya Watwa waliotangulia.